Kutoka Palma hadi Port Hercule: Kumbukumbu za Safari ya Yoti ya Mita 62

Jumatatu, Palma de Mallorca

Asubuhi ya leo ofisi ya mwenye yoti imetuandikia kwamba ziara ya Monaco, ambayo nafasi yake bandarini ilikuwa imeombwa tangu majira ya baridi, haitangoja tena mwisho wa mwezi. Wageni watapanda Jumapili hii jioni na kukaa gatini hadi Alhamisi. Kwa mtu wa nchi kavu hilo ni badiliko la tarehe tu. Kwetu sisi ni kazi mpya kabisa, kwa sababu bandari iliyotukubalia wiki moja haina wajibu wowote wa kutupokea wiki nyingine, hasa katika mwezi wa Mei, ambapo Port Hercule huwa inajipanga kwa mashindano ya magari na kila mita ya gati ina mwenyewe.

Mimi ni afisa wa pili, na kazi ya kuandaa njia ya safari ni yangu. Jina la yoti sitalitaja, kwa kuwa mikataba yetu ya ajira inakataza, lakini vipimo vyake si siri: urefu mita 62, upana mita 11 na ushei, na sehemu iliyozama majini mita 3.6. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vya kwanza kuulizwa na kila bandari ya Mediterania, tena kabla hata ya salamu.

Ramani inaonyesha wazi kwa nini Port Hercule inahitaji kufikiriwa mapema. Ni ghuba ya asili iliyobanwa kati ya Mwamba, ambako ndiko liliko kasri la mtawala, na kilima cha Monte-Carlo, na mdomo wake unatazama mashariki. Upepo wa magharibi hausumbui sana mle ndani. Upepo wa matlai, yaani wa mashariki, ndio uliokuwa ukiingiza mawimbi moja kwa moja hadi gatini, na kwa miaka mingi meli zilikuwa zikikimbia bandari hiyo kila ulipovuma. Dawa iliyopatikana ni ya ajabu kiuhandisi. Ukuta wa kawaida wa mawe usingewezekana, kwa kuwa mahali hapo kina kinapita mita 50, hivyo Monaco ilijengewa ukuta wa zege unaoelea nusu, wenye urefu wa mita 352 na uzito wa tani 163,000. Ulijengwa Algeciras, kusini mwa Hispania, ukakokotwa baharini hadi Monaco mwaka 2002, kisha ukaungwa na nchi kavu kwenye kiungo cha chuma kinachouruhusu kucheza kidogo na bahari. Ndani ya ukuta huo mna hata maegesho ya magari. Ninauandika kwa kirefu kwa sababu umebadilisha tabia ya bandari nzima, ila haukuufunga mlango: matlai ikivuma siku mbili mfululizo, mtikisiko bado huingia, na yoti iliyofungwa kwa tezi, yaani kwa upande wake wa nyuma, huanza kwenda mbele na nyuma.

Nahodha alinisikiliza, kisha akaniagiza nisimletee mpango mmoja bali mitatu: wa kuingia Port Hercule siku ya Jumamosi, wa kungoja nje, na wa kutoingia kabisa. Akasisitiza kwamba wa tatu uandikwe kwa ukamilifu uleule wa kwanza. Ninakubaliana naye. Nimewahi kuona mipango ya akiba iliyoandikwa kwa mstari mmoja, jina la bandari jirani na namba ya simu, na mpango wa namna hiyo haumsaidii mtu saa nane za usiku.

Jumanne, Palma

Siku nzima imekuwa ya karatasi. Wakala wetu wa Monaco ametuma fomu ya kuomba nafasi, nami nimeirudisha ikiwa na cheti cha usajili, cheti cha bima kinachotaja uondoaji wa mabaki ya chombo, hati ya kimataifa ya usalama wa meli, na orodha ya bandari kumi za mwisho tulizotembelea, ambayo hutakiwa pamoja na taarifa ya usalama kabla ya kufika. Yoti ya kibiashara iliyozidi tani 500 za ujazo haitofautiani na meli ya mizigo katika jambo hili, ingawa abiria wake wanakunywa shampeni.

Monaco si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo moja la forodha na Ufaransa, na mipaka yake inasimamiwa kwa taratibu za Ufaransa. Kwa mabaharia wenye pasi za Ulaya hilo halina uzito. Kwetu sisi wawili wa pwani ya Kenya, mimi wa Mombasa na kijana wa Kizingitini aliyejiunga nasi mwaka jana, lina uzito, kwa kuwa kila siku tunayohesabiwa kuwa tumo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, inapungua katika zile siku 90 zinazoruhusiwa kwa kila kipindi cha siku 180. Nimekaa na pasi zote na vitabu vya mabaharia, nikahakiki kila muhuri, ndipo nikaituma orodha ya wahudumu. Kazi hii haina sifa yoyote, lakini baharia mmoja mwenye muhuri uliopitwa na wakati anaweza kuzuiwa kushuka, na akizuiwa yeye, zamu za wenzake wote zinavurugika.

Mhandisi mkuu naye amenikabidhi hati za mafuta. Tangu tarehe 1 Mei 2025 bahari yote ya Mediterania ni eneo la udhibiti wa salfa, na mafuta yanayochomwa humu hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.10. Yoti kama yetu huchoma dizeli safi tangu zamani, kwa hiyo hatuna cha kubadilisha zaidi ya tabia ya kutunza risiti: hati ya kupokea mafuta hukaa melini miaka mitatu, na sampuli iliyotiwa lakiri haitupwi kabla ya mwaka kwisha.

Jioni jibu limekuja. Tumepewa nafasi upande wa kaskazini, kwenye Quai des États-Unis, kuanzia Jumamosi saa nne asubuhi, kufunga kwa tezi, kwa nanga zetu wenyewe mbili. Sentensi ya mwisho ya barua hiyo ndiyo niliyoisoma mara mbili: nafasi itategemea kuondoka kwa chombo kilichopo.

Jumatano, Palma

Leo tumeshughulikia nanga, na sehemu hii ndiyo ningependa msomaji aifahamu vizuri, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha bandari za Mediterania na zile tulizokulia. Mombasa, Kilindini, meli hulala ubavu kwa ubavu na gati, ikafungwa kamba za omo, yaani za mbele, na za tezi. Katika bahari hii, ambako kujaa na kupwa kwa maji ni kidogo sana sehemu nyingi na gati ni ghali kuliko kiwanja cha mjini, chombo hurudi kinyumenyume hadi tezi yake ibaki mita chache kutoka ukingoni, huku omo ikizuiwa na minyororo miwili iliyotandazwa mbele kwa umbo la kabari. Kwa hiyo nafasi ya upana wa mita 15 inatosha yoti ya mita 62. Tatizo ni kwamba sakafu ya bandari haina mistari. Kila chombo kinatandaza minyororo yake juu ya sakafu ileile, na anayekuja nyuma akikosea mita 10 tu kushoto au kulia, mnyororo wake unaulalia wa jirani, na wa chini hawezi kuondoka hadi wa juu aondoke au mpiga mbizi aitwe.

Nimechora mpango kwa penseli kwanza, kabla ya kuuhamishia kwenye ramani ya kielektroniki. Tukiwa tumefunga kwa tezi upande wa kaskazini, omo yetu itatazama kusini, hivyo matlai itatupiga ubavu wa kushoto. Nanga ya kushoto ndiyo itakayokuwa ya joshi, yaani upande upepo unakotoka, na ndiyo itakayobeba mzigo. Kwa hiyo itaangushwa ya kwanza, tukiwa tunaelekea magharibi, mita 120 kutoka ukingo wa gati. Ya kulia itafuata baada ya kusogea mbele kidogo. Nilimwomba wakala anitumie vipimo vya majirani wawili na mahali zilipo nanga zao. Vipimo nimevipata. Kuhusu nanga, jibu lilikuwa kwamba jirani wa mashariki ameziangusha «kama kawaida», maneno ambayo hayachoreki popote kwenye ramani.

Serehangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, na vijana wake wameutoa mnyororo wote sitahani na kupaka upya rangi za alama: nyekundu kila mita 25, na pingili mbili nyeupe kila mita 50. Kijana wa Kizingitini ndiye aliyezihesabu kwa sauti, na alipofika mita 100 akaniuliza, «Kaka, huku kote ni kwa ajili ya kusimama mahali pamoja?» Nikamwambia ndiyo, na kwamba fedha anayolipa tajiri kwa kusimama mahali pamoja ndiyo inayotulipa sisi mshahara.

Baada ya chakula cha mchana nimekamilisha mpango wa pili na wa tatu. Kungojea nje ya Monaco kwenyewe hakufai, kwa kuwa kina kinashuka ghafla na upande wa Larvotto ni hifadhi ya bahari. Mpango wa pili ni ghuba ya Villefranche, upande wa Ufaransa, ambayo inakingwa na Cap Ferrat dhidi ya matlai ingawa iko wazi kwa upepo wa kusini. Katikati yake kina ni kikubwa, na kandokando kuna nyasi za bahari ziitwazo posidonia. Nyasi hizi hupatikana Mediterania peke yake, na mashina yake hurefuka kwa sentimita chache tu kwa mwaka, hivyo kovu moja la nanga linaweza kubaki kwa vizazi. Tangu amri ya mwaka 2019 ya mkuu wa mamlaka ya bahari wa Toulon, vyombo vya mita 24 na zaidi vimepigwa marufuku kutia nanga juu yake, na adhabu ya sheria ya Ufaransa inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya yuro 150,000 inayomlenga nahodha mwenyewe. Nimeiweka mipaka hiyo kwenye ramani kwa rangi nyekundu, nikailinganisha na programu ya Donia inayoonyesha nyasi zilipo, na wakala ametuombea ruhusa ya kutia nanga.

Mpango wa tatu ni Cala del Forte, bandari ya Ventimiglia iliyofunguliwa mwaka 2021. Iko Italia, lakini inamilikiwa na kampuni ya bandari za Monaco, na ilijengwa hasa kwa ajili ya vyombo vinavyokosa nafasi Port Hercule. Wageni wangefikishwa kwa boti ndogo kwa dakika chache. Nimeandika kila kitu: njia ya kuingilia, idhaa ya redio, kina, upande wa kufunga, hata mahali gari la wageni litakaposimama.

Alhamisi, Palma hadi baharini

Kikao cha kabla ya safari kimefanyika saa kumi jioni katika chumba cha usukani, nahodha, maafisa wote, mhandisi mkuu na serehangi wakiwapo. Azimio la Shirika la Kimataifa la Bahari la mwaka 1999 linagawa upangaji wa safari katika hatua nne, yaani kuchunguza, kupanga, kutekeleza na kufuatilia, na vyuo vingi hulifundisha kana kwamba kila hatua huisha ndipo nyingine ianze. Ukweli ni kwamba uchunguzi hauishi. Tukiwa tumekaa pale pale, taarifa mpya ya hali ya hewa imebadilisha utabiri: mgandamizo mdogo wa hewa unajengeka katika Ghuba ya Genova, na matlai itaanza kukaza Jumanne.

Njia ni maili 360 hivi, kwa kupita mashariki mwa Mallorca na kuvuka mlango wa bahari wa Menorca. Tutakwenda noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Tumeng'oa kamba saa tano usiku.

Ijumaa, baharini

Bahari imetulia kuliko tulivyostahili. Ghuba ya Simba, ambako mistrali hushuka kutoka bonde la Rhône na kuinua mawimbi mafupi yenye hasira, imetuonyesha mgongo laini tu upande wa kushoto. Tangu mchana tumekuwa ndani ya eneo ambalo Shirika la Kimataifa la Bahari lililitenga mwaka 2023 kwa ajili ya nyangumi, ambako vyombo vya tani 300 na zaidi vinashauriwa kwenda kati ya noti 10 na 13. Kasi yetu tuliichagua kwa sababu hiyo. Wapo manahodha wa yoti wanaoliona shauri hilo kuwa la meli za makontena tu, jambo ambalo si kweli wala si la busara, kwani mnyama wa mita 20 haulizi kilichomgonga kimebeba nini. Saa tisa alasiri tumewaona wawili, pumzi zao zikipanda wima kusini yetu, nasi tukageuza nyuzi chache kuwapa nafasi.

Upande wa kaskazini tutapita kisiwa cha Levant, ambako Ufaransa hufanyia majaribio makombora yake. Niliangalia maonyo ya mabaharia ya Toulon jana na tena leo asubuhi: eneo la karibu na njia yetu limefungwa hadi saa kumi jioni, nasi tutafika hapo baada ya hapo. Kuanzia machweo, feri za Toulon na Nice ziendazo Corsica zitaanza kutukata mbele na nyuma, na zamu ya usiku imeongezewa mtu.

Saa moja usiku barua ya wakala imeingia: chombo kilichopo katika nafasi yetu kimeomba siku moja zaidi, na kimekubaliwa. Nafasi yetu sasa ni Jumapili saa tatu asubuhi. Hakuna aliyepandisha sauti. Nahodha amefungua faili, akageuza hadi ukurasa wa mpango wa pili, akasoma, akaniambia niweke mwelekeo wa Villefranche. Mjadala wote umechukua muda mfupi kuliko kikombe cha kahawa, na hiyo ndiyo faida ya mpango ulioandikwa wakati watu wote hawana haraka.

Jumamosi, Villefranche-sur-Mer

Tumetia nanga alfajiri, mita 40 za maji, mnyororo mita 200, mbali na mstari mwekundu. Meli ya watalii imetia nanga kusini yetu saa mbili na kuanza kushusha watu kwa boti. Vijana wamesugua chumvi, mpishi mkuu ameagiza samaki na mboga ziletwe hapa hapa kwa boti badala ya Monaco, na hilo lilikuwa wazo lake bora zaidi la wiki, kama itakavyoonekana. Nimelala saa saba mfululizo. Sheria ya mapumziko inadai angalau saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku saba, na siku ya kungoja kama hii ndiyo inayotuwezesha kuitimiza bila kudanganya kwenye fomu.

Jumapili, Port Hercule

Nanga imeng'oka saa moja na nusu asubuhi, na tope lake tumelioga kwa maji kabla ya kuondoka. Kutoka Cap Ferrat hadi Monaco ni mwendo mfupi. Ukingo wa pwani upande wa Larvotto umebadilika tangu ramani za zamani, kwa kuwa hekta sita za ardhi mpya ya Mareterra zimeongezwa baharini na kuzinduliwa mwishoni mwa 2024, na yeyote anayetumia ramani isiyosahihishwa ataona majengo yakielea.

Kabla ya kuingia, kijana wa Kizingitini alipandisha bendera ya heshima ya wenyeji. Ya Monaco ni nyekundu juu na nyeupe chini. Nilimkumbusha aikague mara ya pili, kwa kuwa ukiigeuza unakuwa umepandisha ya Poland, na mwenyeji hasahau jambo kama hilo. Akanijibu, «Hapo sawa, kaka, nyekundu juu,» akaifunga.

Tumeita bandari idhaa ya 12, na rubani wa bandari amepanda nje ya ukuta. Upepo ulikuwa noti 8 kutoka mashariki. Mara tulipoupita ukuta, ambao kwa karibu unaonekana kama jengo lililolazwa majini, msongamano ukajitokeza wote kwa pamoja: yoti zimepangwa tezi gatini pande tatu, boti za huduma zikikatiza, na nyuma yao majukwaa ya watazamaji ya mbio za magari yakiwa yamepanda nusu.

Nahodha alihamia kwenye usukani wa bawa la kushoto, akapunguza mwendo hadi noti mbili, nami nikasimama kando yake nikisoma umbali kwa sauti. Serehangi alikuwa omoni na breki ya winchi mkononi. Mita 120 kutoka gatini, mahali palepale pa alama ya penseli, nahodha akasema, «Achia kushoto,» na mnyororo ukaanza kukimbia kwa mngurumo, vumbi la kutu likipanda, hadi alama nyekundu ya kwanza ilipopita na breki ikabana. Tukasogea magharibi, tukaachia kulia. Kisha rafadha zikageuzwa na chombo kikaanza kurudi nyuma polepole, omo ikishikiliwa na minyororo miwili na kusukumwa kidogo kwa propela ya ubavuni kila upepo ulipoitaka. Afisa wa kwanza tezini alikuwa akihesabu: thelathini, ishirini, kumi na tano. Fenda, yale maboya ya kukinga ubavu, zikagusana na za jirani wa magharibi bila kelele. Mita nane kutoka ukingoni kamba ya kurushia ikaruka, wafunga kamba wakaidaka, na kamba nzito zikafuata, zikapishana chini ya tezi kwa umbo la msalaba. Serehangi akakaza minyororo hadi ikanyooka, na tezi ikasimama mita tatu na nusu kutoka gatini.

Nimeandika katika kitabu cha safari mahali pa kila nanga kwa latitudo na longitudo, pamoja na urefu wa mnyororo uliotoka. Nakala nimewapelekea majirani wote wawili kwa mkono, nikiwa nimevaa sare. Mmoja alishukuru, mwingine alishangaa, kana kwamba nimempelekea mwaliko wa harusi.

Wageni wamepanda saa kumi na mbili jioni.

Jumatatu, Port Hercule

Umeme wa nchi kavu ni volti 400 za hezi 50, na baada ya mhandisi mkuu kuhakikisha mpangilio wa nyaya tumezima jenereta. Kimya kilichofuata kimewafurahisha wageni kuliko mandhari.

Gari la nguo na maua lililokuwa lifike saa mbili limefika saa tano, kwa sababu vizuizi vya chuma vya njia ya mashindano vimekwisha kufungwa kando ya gati letu na magari yanapitishwa kwa zamu kwenye mwanya mmoja. Samaki na mboga, kwa bahati ya mpishi, tulikwisha kuvipakia Villefranche.

Jumanne na Jumatano, Port Hercule

Matlai imekuja kama ilivyotabiriwa, noti 25 nje, na kufikia usiku mtikisiko umeanza kuingia. Ukuta unaoelea unafanya kazi yake, kwani mawimbi makubwa yanavunjikia nje, lakini maji ya ndani yanapanda na kushuka kwa mzunguko mrefu na mzito. Ngazi ya kushukia imekuwa ikisafiri juu ya gati karibu mita moja mbele na nyuma. Tumeiinua, tukaongeza kamba mbili, tukakaza mnyororo wa kushoto na kusogea mita mbili mbali na ukingo, na mlinzi amewekwa tezini usiku kucha kuwavusha wageni mmoja mmoja. Nanga ya joshi imeshika. Yoti iliyo nafasi tatu mashariki yetu haikubahatika. Nanga yake moja imeburuzika na imelazimika kuwasha injini saa nane za usiku ili isigonge gati.

Alhamisi, kuondoka

Bahari imetulia alfajiri. Wageni wameshuka saa mbili, na saa nne tukaita bandari kuomba ruhusa. Nanga ya kulia imepanda safi. Ya kushoto ilipofika mita 30 winchi ikalalamika, na kilichotokea juu ya maji kilikuwa nanga yetu ikiwa imebeba mnyororo wa mtu mwingine, mnene kuliko wetu. Ulikuwa wa yoti ile iliyoburuzika, ambayo usiku wa upepo iling'oa nanga na kuiangusha tena, safari hii juu ya mnyororo wetu.

Kwa kuwa tulikuwa na mahali pa nanga zetu kwa namba, hapakuwa na ubishi kuhusu nani amemlalia nani. Ofisi ya bandari iliwaambia wenzetu walegeze mnyororo wao. Serehangi alishusha kamba, akaipitisha chini ya mnyororo ule na kuufunga omoni, kisha tukateremsha nanga yetu polepole hadi ikajichomoa, tukaipandisha peke yake, ndipo kamba ikaachiwa na mnyororo wa wenyewe ukarudi majini. Mpiga mbizi aliyekuwa tayari kwenye boti yake hakulazimika kuingia. Shughuli yote imekula dakika 50, na nilikuwa nimeitengea saa nzima katika mpango wa kuondoka.

Tumepita mdomo wa bandari saa tano na dakika ishirini, rubani ameshuka, na mwelekeo ni La Spezia. Faili la Port Hercule nimelifungua tena na kuongeza vitu viwili kwa afisa atakayekuja baada yangu: mahala penye mwanya wa magari wakati vizuizi vimefungwa, na kwamba jirani wa mashariki aombwe namba za nanga zake, si maelezo. Barua ya kuomba nafasi La Spezia imekwisha kutumwa, pamoja na vipimo vile vile vitatu.